Hema la Kifahari Nyuma ya Waya

Tangu turudi Tanga nimekuwa nikisimamishwa kila kona. Akina mama wa kwaya, jirani zangu, hata walimu niliofundisha nao kabla sijastaafu, wote wananiuliza mapumziko yalikuwaje. Najibu kwamba yalikuwa mazuri tu, kisha nageuza mazungumzo. Lakini mmeniona uso, na mmejua kuna jambo. Basi nimeamua kuandika, mpokezane wenyewe, maana kila nikianza kusimulia kwa mdomo hasira inanipanda na mambo yanajichanganya.

Kwa asiyejua, Baba Neema alipostaafu bandarini, binti yetu Neema, ambaye siku hizi ana kazi nzuri Dar es Salaam, alitaka kumzawadia baba yake kitu cha kukumbukwa. Tangu mambo yawe ruksa kila mtu anaanzisha mradi, na Neema alikuwa amesikia habari za shamba moja la zabibu nje ya Dodoma, ng'ambo ya Mkonze, ambako mwekezaji amesimamisha mahema ya kifahari. Watu wanakwenda kulala humo, wanakula, wanaonja mvinyo na kutazama milima. Mimi nilicheka. Nikamwambia Neema kwamba nimelala kwenye hema nikiwa mkimbizi wa mafuriko, sikujua kama siku moja nitalipiwa kulala tena.

Baba Neema hakucheka. Yeye ni Mgogo wa upande huohuo wa Mkonze, na dada yake mkubwa, wifi yangu Mbeleje, bado anaishi kijijini kwao. Tukapanga tupumzike kwanza kwenye hayo mahema, kisha twende kwa wifi na khanga zake na sukari, tumshtukize. Kumbe walioshtukizwa ni sisi.

Tanga hadi Gairo

Mpaka Morogoro sina la kulalamikia. Tulikula wali wangu wa nazi na samaki wa kukaanga niliowafunga kwenye jani la mgomba, na nilikaa kiti kimoja na mama mmoja mchangamfu aliyekuwa akipeleka marobota ya mitumba Singida. Alinieleza biashara yote, mpaka jinsi ya kulitambua robota zuri kwa kulinusa.

Tulipoanza kupanda kuelekea Gairo, rejeta ikachemka. Basi likasimama, mvuke ukatoka kama jiko la shughuli, na kondakta akapita viti vyote akiomba maji ya kunywa ya abiria. Siyo kuomba hasa. Alikuwa akichukua. Alilibeba dumu la yule mama wa mitumba, naye akamwambia maji yale ni ya mjukuu wake aliyempakata. Kondakta akajibu kwamba gari lisipofika, mjukuu naye hafiki. Maji yakamwagwa kwenye rejeta, yakavuja yote chini, kwa sababu rejeta ilikuwa imetoboka na dereva alilijua hilo tangu Chalinze. Nilishuka nikamwambia dereva maneno ambayo mwalimu mstaafu hapaswi kuyasema. Akanisikiliza kwa adabu, akaniambia, "Shikamoo mama," akarudi chini ya gari.

Tulikaa pale sehemu kubwa ya mchana, upepo wa Gairo ukitupiga. Akina mama wa karibu walikuja na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye beseni. Mmoja wao alipomwona yule mtoto analia kiu, alirudi kwake bila kuambiwa na mtu, akaja na kata ya maji. Mama wa mitumba alimshukuru mpaka machozi yakamtoka. Nakumbuka nilimwambia Baba Neema kwamba watu wa bara wana utu. Akaniambia huku maji hayanyimwi mtu, hata akiwa adui.

Majengo

Tulilala nyumba ya wageni Dodoma mjini, na asubuhi tukasimama sokoni Majengo, karibu na wauza nafaka, mahali tulipoambiwa gari la shamba litatuchukua. Mimi nilivaa gauni langu la kitenge la Pasaka na Baba Neema suti yake ya kuagia kazini. Tulikunywa chai na maandazi kwa mama ntilie, tukangoja.

Gari likaja, jeupe, refu, safi. Dereva akashuka na kibao kilichoandikwa "Bwana na Bibi Ndahani", ambalo ndilo jina letu, akaanza kutembea huku na huku akikishikilia kifuani. Akatupita. Akarudi, akatupita tena. Baba Neema alipomfuata kumsalimu, dereva alimwambia kwa upole, "Mzee, subiri kidogo, natafuta wageni wangu."

"Ndahani ni mimi," Baba Neema akasema.

Yule kijana alimtazama, akanitazama, akatazama sanduku letu. Akauliza kama sisi ndio tuliotumwa kuwapokea akina Ndahani. Ilibidi Baba Neema atoe kitambulisho chake cha bandarini. Hata hivyo dereva hakuridhika. Alituomba tukae nyuma, pamoja na mitungi ya gesi na tenga la kabichi, kwa sababu viti vya mbele vilikuwa vimesafishwa kwa ajili ya wageni. Nilimuuliza wageni gani hao waliobaki. Akafikiri, akaona kweli hakuna, akatufungulia mlango wa mbele. Njia nzima nilikuwa na hasira kiasi kwamba sikuiona Mkonze tulipoipita.

Baba Neema aliiona. Alikuwa ameegemea dirisha kama mtoto, akinionyesha kilima walichochungia ng'ombe, mahali palipokuwa na shule, korongo lenye mchanga ambamo wanawake huchimba visima wakati wa kiangazi. Tulipofika kwenye korongo akaketi wima. Kulikuwa na waya, nguzo baada ya nguzo, mpaka macho yanapoishia. Akamuuliza dereva waya ule ni wa nini. Dereva akajibu kwamba ni mpaka wa shamba.

Ndani ya hema

Nisiwe mwongo, hema lilikuwa zuri. Lilikuwa kubwa kuliko sebule yangu, lina kitanda cha mninga, zulia, neti nyeupe iliyotandazwa kama shela ya bibi harusi, choo cha kuvuta, na beseni la kuogea la chuma lenye miguu, ambalo mtu mzima anajinyoosha ndani. Mhudumu alilijaza maji mpaka juu, akatupia maua. Mbele yetu mizabibu ilishuka kwa mistari mpaka kwenye korongo, ambako kulikuwa na miti ya kivuli na viti vya kulalia. Mashine ya kuvuta maji ilinguruma mahali fulani mchana kutwa.

Meneja alikuja kutukaribisha. Jina lake Bwana Lameck, kijana wa Kitanzania aliyesoma ng'ambo, mwenye sauti laini. Mwenye shamba mwenyewe anakaa nchi za nje. Baba Neema alimuuliza habari za wanawake wa kuchota maji korongoni, mbona hawaonekani. Bwana Lameck akasema wamehamishiwa upande wa nyuma ya kilima, kwa sababu wageni wanalipia mandhari, na ndoo na punda vilikuwa vinayaharibu. Alilisema hilo kama mtu anayezungumzia magugu. Baba Neema akauliza nyuma ya kilima kuna umbali gani kwa miguu. Meneja akasema hajawahi kwenda kwa miguu.

Chakula cha mchana kilikuwa supu ya maboga iliyopoa, mkate mgumu, na nyama yenye damu katikati. Niliirudisha nyama jikoni nikidhani wamepitiwa. Ikarudi vilevile, na ujumbe kwamba ndivyo inavyoliwa. Kisha tukapelekwa kuonja mvinyo. Mimi si mnywaji, lakini nilishika bilauri kwa heshima. Mhudumu akaweka ndoo ndogo ya kung'aa katikati yetu. Kumbe ukishaonja, unatema humo. Kulikuwa na wageni wengine saba au wanane, na wote walikuwa wanasukutua na kutema kama watu waliong'olewa meno. Nilimuuliza mhudumu zabibu hizi zinamwagiliwa kwa maji kiasi gani mpaka zitemwe. Alidhani nafanya mzaha.

Miongoni mwa wageni alikuwapo mama mmoja mtu mzima wa Kizungu, ambaye alisema aliwahi kufundisha Iringa katika ujana wake. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini sahihi, naye alikuwa mtu wa kwanza mle ndani kunisalimia kabla hajauliza natoka wapi. Nilikaa karibu naye.

Tukiwa pale niliona kundi la wanawake limekaa juani nyuma ya jiko, ngoma zimelazwa pembeni. Nilidhani wamekuja kutafuta vibarua. Saa zikapita, na kila nikigeuka bado wapo juani, hakuna aliyewapa hata kikombe.

Mezani

Jua lilipolegea, meneja alitupanga kwenye viti mbele ya uwanja mdogo, akatangaza kwamba sasa tutaona utamaduni. Wale wanawake wakaingia, wamevaa shanga, ngoma zao wamezibana katikati ya magoti. Wakaanza kupiga, na jamani, wanawake wa Kigogo wanajua kupiga ngoma. Ardhi ilitetemeka. Nilisahau hasira zangu zote.

Kisha mmoja akasimama kuongoza wimbo. Mwembamba, mrefu, kichwa kimefunikwa kitambaa cheusi. Nikamwona Baba Neema ameshika mikono ya kiti.

"Mama Neema," akaniambia kwa sauti ya chini, "yule ni Mbeleje."

Sikumtambua, nakiri, maana alikuwa amekonda sana. Lakini yeye alikuwa ameshamwona ndugu yake. Hakuacha kuimba. Alimtazama moja kwa moja, na wimbo ukageuka, wenzake wakamfuata, sauti zikapanda moja juu ya nyingine. Bwana Lameck alikuwa akitafsiri kwa ajili ya wageni. Alisema mama huyu anawakaribisha, anasema mvua ni njema na kijiji kina furaha. Wageni wakapiga makofi.

Mimi Kigogo changu ni cha salamu tu. Nilimtazama mume wangu, nikaona machozi yanashuka mpaka kwenye tai.

Yule mama wa Iringa naye aliona. Akainama akamuuliza, "Baba, wanaimba nini?"

Baba Neema akasimama. Alitembea mpaka uwanjani, na suti yake, akapiga magoti mbele ya dada yake na kumsalimu kwa Kigogo, salamu ndefu, na wimbo ukakatika. Bwana Lameck alimfuata haraka, akamwambia taratibu kwamba wageni hawachanganyiki na wasanii, na kwamba akitaka picha atapangiwa baadaye.

"Huyu ni dada yangu," Baba Neema akasema. "Tumbo moja."

Kisha akawageukia wageni, akajibu lile swali, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza chake cha bandarini ili kila mtu aelewe. "Mliuliza anaimba nini. Anaimba kwamba kaka yake amekaa kwenye kiti anamtazama kama mtu asiyemjua. Anasema njia ya kwenda korongoni imefungwa kwa waya, na wanawake wanakizunguka kilima kutafuta maji, na mmoja mimba imemharibikia akiwa na ndoo kichwani. Hakuna mahali alipowakaribisha."

Bwana Lameck alicheka kidogo, kicheko kikavu. Akasema hizi ni nyimbo za zamani, wazee wana mafumbo yao.

Hapo ndipo Mbeleje alipozungumza kwa Kiswahili, na sitaisahau sauti ile. "Si wa zamani. Nimeutunga leo, nikiwa pale nyuma ya jiko nawangoja, na la ndugu yangu nimeliongeza sasa hivi."

Mama wa Iringa akamuuliza meneja kama maji ya beseni lake yanatoka kwenye korongo hilohilo. Baba Neema akasema wanawake hawa wamekaa na njaa tangu mchana, wakaribishwe mezani. Meneja akasema chakula chao kipo jikoni, kitatolewa wageni wakimaliza. Baba Neema akasema basi dada yake akae kwenye kiti chake yeye. Meneja akasema meza imeshapangwa.

Nilikuwa nimejizuia tangu Majengo. Nikainuka, nikaenda hemani, nikapakia sanduku letu, nikatoka nalo. Beseni lilikuwa bado limejaa maji na maua yake, sikulitia hata kidole.

Kwa wifi

Tuliondoka na wale wanawake. Kutoka pale hadi kwa Mbeleje ni kuvuka tu korongo, lakini kwenye waya kuna geti, na getini kuna mlinzi aliyekatazwa kumfungulia mwanakijiji; hata wapiga ngoma huingizwa kwa lango la mbele. Alikuwa mwenyeji wa hapohapo. Alimwamkia Mbeleje, akatazama chini, akasema na yeye ana watoto. Mbeleje hakumgombeza. Alisimama tu, na sisi sote tukasimama nyuma yake, mimi na viatu vyangu vya kanisani kwenye mchanga. Baada ya muda mlinzi akafungua. Tukapita njia ambayo wifi yangu hakuwa ameipita tangu masika yaliyotangulia.

Nyumbani kwake alisonga ugali wa uwele, tukala kwa mlenda na maziwa ya mgando. Nilikula kama mtu aliyefungua mfungo. Maji ya kunawa alitumiminia kidogo kidogo, na nilipotaka kunawa mara ya pili alinizuia mkono. Niliona aibu. Alitueleza kwamba ofisi ya shamba ameshakwenda mara nyingi, yeye na wenzake. Wanaandikwa majina, wanaambiwa warudi. Ngoma walikubali kwa sababu ndiyo njia pekee ya kuingia ndani ya waya na kusikilizwa na mtu asiye meneja. Wameimba shida zao mbele ya wageni wa kila aina, na kila mara wamepigiwa makofi.

Hilo ndilo lililonichoma, na linanichoma mpaka leo ninapoandika.

Asubuhi Bwana Lameck alikuja na lile gari jeupe. Nilidhani amekuja kuomba radhi. Alikuja kutuomba turudi, kwa sababu wageni hawakula vizuri, wanauliza maswali, na yule mama wa Iringa amefunga mizigo yake na anasema atawaandikia waliomleta. Baba Neema alimwambia atarudi siku geti litakapokuwa wazi kwa wachota maji. Bwana Lameck akasema hilo si lake, lazima apate ruhusa ya mwenye shamba, na mwenye shamba yuko mbali.

Mbeleje alikuwa anapepeta uwele uani. Hakuinua hata kichwa. "Mlipofunga hamkutuuliza," akasema. "Kufungua ndiko kunataka ruhusa?"

Meneja alisimama akipangusa vumbi kwenye viatu. Nadhani hata yeye alichoka kuwa mtu wa namna ile, maana alikuwa kijana tu, na mama yake bila shaka yuko kijiji fulani. Mwishowe alisema geti litafunguliwa asubuhi na jioni, na kwamba atakayeuliza aambiwe ni yeye aliyeamua. Siku hiyohiyo tulishuka korongoni na ndoo. Mimi nami nilibeba ya kwangu kichwani, nikaimwaga nusu njiani, wakanicheka wote.

Mnaweza kusema mambo yaliisha vizuri. Mimi sioni hivyo. Wifi yangu aliyasema maneno yaleyale ofisini kwa mwaka mzima, kwa adabu, na hayakufungua hata kitasa. Yalipotoka kwenye mdomo wa mtu aliyelipiwa hema, geti likafunguka kwa asubuhi moja. Maji yalikuwa yaleyale na kiu ileile. Na geti lililofunguliwa na meneja linaweza kufungwa na meneja mwingine kesho.

Kurudi

Hatukurudi hemani. Siku zilizobaki tulizimaliza kwa Mbeleje, na Baba Neema alikarabati paa la zizi akiwa amevaa suruali ya suti, maana hakuleta nyingine. Khanga tulizompelekea alizigawa zote kwa wapiga ngoma wenzake, akabaki na moja. Sukari tuliimaliza pamoja kwenye chai.

Neema amenipigia simu ofisini kwa mchungaji akitaka kujua kama baba yake alifurahi. Nilimwambia alifurahi, lakini si mahali alipolipia. Yaliyobaki atayasoma humu.

Mbeleje alitusindikiza mpaka stendi Dodoma. Alimnunulia ndugu yake karanga za njiani, akasimama dirishani pa basi mpaka dereva alipowasha gari. Baba Neema akamwambia Mungu akipenda atarudi kabla ya mavuno. Alimjibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Ukija, usije kunitazama. Njoo nyumbani unisalimie."